Awe na Heri: Tafakari juu ya Metta, Dhuluma na Mtu wa Nne

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujadili swali moja ambalo kwa juujuu laonekana jepesi: je, yawezekana mtu kumtakia heri ya kweli yule anayemdai haki yake mahakamani? Swali lenyewe ni kongwe, na kila mila imekuwa na namna yake ya kulijibu. Sisi tutalitazama kupitia mafundisho ya Kibudha ya metta, kwa sababu mbili. Kwanza, mafundisho hayo hayakomei katika kuusifu wema kama vifanyavyo vitabu vingi vya maadili, bali yanaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuuzoeza moyo, mithili ya mwalimu wa chuoni anavyomzoeza mtoto herufi. Pili, mwandishi wa makala haya amekuwa akiyafuata mafundisho hayo kila alfajiri kwa muda wa miaka minne, na amekwama mahali ambapo, kwa maoni yake, pana tatizo la kifalsafa na wala si uvivu wa mtu mmoja tu.

Msomaji ana haki ya kuuliza: haya yanahusu nini fasihi? Tunajibu kwamba metta, jinsi inavyotendwa, ni matini. Ni sentensi chache zinazokaririwa kwa mpangilio maalumu, zenye msemaji, msemwa na hadhira, hata ikiwa wote watatu wamo katika kifua kimoja. Mhakiki aliyezoea kuuliza nani anasema, anasema juu ya nani, na kwa nini katika mfuatano huu na si mwingine, hajatoka nje ya kazi yake anapoyauliza maswali hayo kuhusu maneno anayojiambia mwenyewe. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ni mazungumzo ya mshairi na moyo wake tangu pale anapoanza kuukanya, na hatujamsikia mhakiki aliyesema kwamba kwa sababu hiyo utenzi huo ni mali ya masheikh peke yao.

Inafaa pia kutaja mapema kwamba Ubudha si kitu kigeni kabisa katika eneo letu. Wasinhala waliohamia Dar es Salaam enzi za ukoloni walijenga hekalu lao huko Upanga, na mwaka 2005 mtawa Bhante Buddharakkhita, mzaliwa wa Uganda, alianzisha kituo cha Wabudha huko Garuga, karibu na Entebbe. Hata hivyo mwandishi si Mbudha. Ni Mwislamu wa pwani aliyekutana na mafundisho haya vitabuni, hususan katika tafsiri ya Kiingereza ya Visuddhimagga iliyofanywa na mtawa Ñāṇamoli na kuchapishwa Colombo mwaka 1956. Jambo hili tutalirejea, maana lina uzito wake.

Jina la jambo

Ugumu wa kwanza ni wa tafsiri. Metta ni neno la Kipali, lugha ya maandiko ya Wabudha wa Theravada, na lina uhusiano wa asili na neno mitta, yaani rafiki. Tukilitafutia kisawe katika Kiswahili tunakuta maneno tele, na kila moja lina kasoro yake. Mapenzi na mahaba hudai kupendwa pia. Rehema hushuka kutoka juu: Mungu humrehemu mja, wala mja hamrehemu Mungu. Hisani hutaka kitendo, na aghalabu huacha deni nyuma yake. Huruma yakaribia, lakini huruma humhitaji mtu aliye taabuni, ilhali metta humwelekea hata mwenye neema tele. Pwani tuna matumizi ya neno imani kwa maana ya upole wa moyo, kama mtu anaposema kwamba fulani hana imani, na neno hilo lingefaa sana lau kama halikuwa tayari limebeba mzigo mwingine mzito zaidi.

Tatizo hili Buddhaghosa alikwisha kuliona. Huyu ndiye mfafanuzi mkuu aliyeandika Visuddhimagga, yaani Njia ya Utakaso, katika karne ya 5 akiwa Mahavihara, mjini Anuradhapura, Sri Lanka. Katika sura ya 9 ya kitabu hicho anazieleza sifa nne: metta, karuna, ambayo ni huruma, mudita, yaani kuifurahia fanaka ya mwingine, na upekkha, yaani utulivu usiopendelea. Kila sifa, asema, ina adui wawili. Adui wa mbali wa metta ni chuki, na huyo kila mtu anamjua. Adui wake wa karibu ni mapenzi yenye tamaa, na huyu ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa anafanana nayo na huingia nyumbani bila kupiga hodi. Hali kadhalika, adui wa karibu wa upekkha ni kutojali kwa mtu asiyejua. Dhana hii ya adui wa karibu twaiona kuwa mchango mkubwa katika falsafa ya maadili. Mhakiki angeweza kuitumia katika kazi yake pia: adui wa karibu wa usahili ni ubutu, na adui wa karibu wa kina ni giza. Lakini tusitoke njiani.

Maadamu hatuna jina, tutumie kitendo. Tendo la metta ni kutakia heri, na hapa Kiswahili kina hazina ambayo, kwa kadiri tujuavyo, haijatajwa. Kitenzi chetu chenye kiishio -e ndicho kinachobeba matakwa, dua na amri nyepesi: niwe na heri, awe na heri, wawe na heri. Mwenye kufanya zoezi hili kwa Kiswahili habadilishi chochote kutoka hatua moja hadi nyingine isipokuwa kiambishi cha nafsi. Na kiambishi a- hakibagui. Hakisemi mume au mke, mpenzi au adui, wa mbali au wa karibu. Zaidi ya hayo, ngeli ya A-WA imewakusanya viumbe wote wenye uhai, nyoka na sisimizi wakiwa pamoja na mfalme. Metta Sutta, matini fupi iliyomo katika mkusanyiko uitwao Sutta Nipata, inawataja viumbe wa kila namna, wakubwa na wadogo, wanaoonekana na wasioonekana, na kutaka wote wawe salama, kwa moyo ule ambao mama humlindia mwanawe wa pekee. Sarufi yetu imekwisha kuwaweka viumbe hao katika safu moja. Hatudai kwamba kwa hivyo Waswahili ni wema kuliko wengine. Twasema tu kwamba ulimi umetangulia, na moyo ndio uliochelewa.

Mtu wa nne

Zoezi lenyewe lina watu wanne. Wa kwanza ni nafsi yako. Wasomaji wengi hushtuka hapa, kwa kuwa sisi tumelelewa kujitaja mwisho. Buddhaghosa analitetea jambo hili kwa kisa cha mfalme Pasenadi wa Kosala na malkia wake Mallika. Mfalme alimwuliza malkia kama yupo yeyote ampendaye kuliko nafsi yake mwenyewe. Bila shaka mfalme alitarajia kusikia jina lake. Malkia alisema hapana, hayupo. Na mfalme alipojichunguza, naye alikiri kwamba hali yake ni iyo hiyo. Mfalme alipompelekea Buddha habari hizo, Buddha hakuwakemea. Alionyesha kwamba kila mtu ni mpendwa wa nafsi yake vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo mwenye kujipenda asimdhuru mwenzake. Hoja hii ni ya ajabu, maana kile ambacho wanamaadili wengi hukiita ubinafsi kimegeuzwa kuwa kipimo. Sijitakii heri kwa kuwa nastahili kuliko wengine. Najitakia ili nijue heri hiyo ina ladha gani kabla ya kumtakia mwingine.

(Msomaji atatuwia radhi tukiiacha sasa ile "sisi" ya kitaaluma. Kuanzia hapa yasemwayo ni ya mtu mmoja.)

Wa pili ni mtu unayemheshimu, mfano wa mwalimu. Nilitaka kuanza na marehemu baba, lakini kitabu kinakataza kumchagua aliyekufa, na kinasimulia juu ya mtawa kijana aliyejaribu kumwelekea mwalimu wake asifanikiwe, mpaka alipogundua kwamba mwalimu huyo alikuwa amekwisha kufariki. Nilikasirika kidogo, halafu nikaelewa. Kumtakia heri marehemu ni dua, na dua ina mahali pake. Metta inamtaka mtu ambaye kesho unaweza kumkuta barabarani. Basi nikamchagua mwalimu wangu wa darasa la nne, ambaye yu hai na bado huniuliza kwa nini mwandiko wangu umeharibika. Wa tatu ni mtu usiyempenda wala kumchukia. Nilimchukua bawabu wa lango la kitivo chetu, niliyempita kwa miaka sita bila kumjua jina. Baada ya wiki mbili hivi nilimwuliza jina lake. Nalitaja hili kwa sababu ni mojawapo ya mabadiliko machache ya nje ninayoweza kuyathibitisha.

Wa nne ni adui, na adui wangu ni ami yangu.

Baba alifanya kazi Ghuba kwa miaka mingi, na fedha alizotuma zilinunua shamba la minazi na mikorosho. Hati iliandikwa kwa jina la ami, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwapo. Baba alifariki mwaka 2009. Miaka kadhaa baadaye tuliona vigingi vipya vimepigwa katikati ya shamba, na mtu tusiyemjua akatwambia kwa upole kwamba nusu hii ni yake, amekwisha kuilipia. Mama bado anakaa katika nusu iliyobaki. Shauri limo mahakamani tangu mwaka 2019.

Buddhaghosa hakumwacha mwanafunzi wake bila dawa katika hatua hii, na dawa zake ni nyingi kiasi cha kunifanya niamini kwamba naye alimjua ami wa aina fulani. Asema, ukumbuke jema lolote la mtu huyo. Asema, aliyekasirika ni kama mtu aokotaye kaa la moto ili amtupie mwenziwe, ambaye kwanza hujiunguza mwenyewe. Waliosema hasira hasara walilijua hilo. Asema pia umgawanye adui katika sehemu zake na kujiuliza: je, umekasirikia nywele zake, au kucha, au mifupa? Dawa hii haikunifaa hata kidogo. Mimi sikumkasirikia ami kwa nywele zake. Nilimkasirikia kwa sahihi yake. Mwishowe, asema, mpe zawadi. Idi moja nilimpelekea ami kanzu. Aliipokea, akanishukuru, wala hakusema zaidi. Mama aliposikia, alinitazama kwa muda, akasema, "Ami yako hana haja ya kanzu, mwanangu. Ana haja ya kumcha Mungu."

Tatizo la kifalsafa lilizuka hapo. Wazee wa ukoo, waliposikia habari ya kanzu, walinijia. Hoja yao ilikuwa fupi na iliyonyooka: ikiwa umekwisha kumtakia heri, mbona unamshtaki? Toa shauri, damu ni nzito kuliko maji. Mama kwa upande wake aliyashika mawazo yale yale na kuyafikisha pengine: ikiwa unamshtaki, mbona unamtakia heri? Pande zote mbili ziliamini kwamba moyo na madai ni lazima viende njia moja. Mtu huitakidhi haki yake kwa hasira, au huiacha kwa upendo. Na lazima nikiri kwamba kwa muda mrefu nami niliamini hivyo. Nilipokuwa na hasira nilimpigia wakili simu. Nilipotulia, simu ilikaa mfukoni.

Kilichonitoa hapo si hoja mpya bali kisa kilichomo katika kitabu kile kile. Mtawa ameketi na watu watatu: ampendaye, asiyemjali na adui yake. Majambazi wanakuja na kudai wapewe mmoja wa kuchinja. Mtawa akisema, mchukueni huyu, au yule, bila shaka hajafika. Lakini Buddhaghosa anaongeza jambo ambalo msomaji halitarajii. Mtawa akisema, nichukueni mimi, waacheni hawa watatu, hapo pia hajafika. Kwa nini? Kwa sababu amemtakia madhara mmoja wa wanne na heri watatu, na kwamba huyo mmoja ni yeye mwenyewe hakubadilishi hesabu. Mpaka kati ya watu haujavunjwa, umesogezwa tu.

Tumezoea kumsifu anayejitoa, na fasihi yetu imejaa watu wa namna hiyo. Hapa tunaambiwa kwamba kujitoa kwaweza kuwa upendeleo uliogeuzwa nje ndani. Wazee waliponitaka nitoe shauri kwa jina la wema, walikuwa wakiniomba nijitaje mimi kwa majambazi. Na kwa hakika si mimi tu, bali na mama, ambaye hakuulizwa. Tangu siku hiyo sijaweza kukubali kwamba metta inamtaka mdhulumiwa aiache haki yake. Inamkataza jambo jingine, ambalo ni gumu zaidi.

Nilikuja kulijua jambo hilo katika ofisi ya wakili. Tulikuwa tukiandaa hati ya kiapo, naye akaniuliza kama ninajua lolote jingine kuhusu tabia ya ami. Najua. Kila mtu wa nyumba yetu anajua jambo moja la zamani, la aibu, lisilohusiana na shamba, ambalo lingemfanya yeyote alisomaye amwone ami kwa jicho jingine. Nilianza kulisema. Lilikuwa la kweli, na lingetusaidia. Nikasikia, si kwa muujiza bali kwa mazoea ya alfajiri elfu na zaidi, kile kitenzi chenye kiishio chake: awe. Nikanyamaza. Hati ilibaki na vigingi, tarehe, fedha zilizotumwa, na risiti ambazo mama alizihifadhi katika kasha. Madai yetu hayakupungua hata hatua moja ya ardhi. Kilichoondolewa ni kile ambacho madai hayakukihitaji, na ambacho chuki pekee ndiyo iliyokuwa ikikidai.

Kwa mtazamo huu nimerudi kumsoma Adili wa Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952), na simwoni tena kama nilivyomwona nilipokuwa mwanafunzi. Ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini, wamegeuzwa manyani, na Adili huwapiga kila usiku kisha hulia na kuwalisha. Tulifundishwa kuyaona machozi yale kuwa dalili ya utu wake. Huenda ni kweli. Lakini mjeledi si wa Adili. Ameamriwa na Huria, jini aliyemwokoa. Mwandishi amempa shujaa wake huzuni ya adhabu bila wajibu wa kuiamua. Sisi tusio na jini hutia sahihi hati zetu wenyewe, na machozi ya baadaye hayamwondolei mtu swali la kwa nini alitia sahihi.

Sipendi msomaji adhani kwamba nimefaulu. Katika Majjhima Nikaya mna kisa cha Vedehika, bibi wa nyumba wa Savatthi aliyesifika mji mzima kwa upole. Mtumwa wake Kali, mchapakazi na mwerevu, alijiuliza kama bibi yake hana hasira kweli, au ni kwa kuwa kazi zote zimefanywa vyema. Akaamka kwa kuchelewa siku moja, akakemewa. Ya pili, akakemewa zaidi. Ya tatu akapigwa kichwani kwa komeo la mlango, akatoka nje akivuja damu kuwaonyesha majirani. Kila nikisifiwa kwa uvumilivu wangu katika shauri hili namkumbuka Kali. Mimi nina mshahara na nyumba mjini. Hasira yangu haijaamkiwa kwa kuchelewa siku tatu mfululizo. Mama ndiye anayeviona vigingi kila asubuhi. Ziko siku ambapo kumtakia ami heri kumekuwa kwangu njia ya kusimama juu yake na kumtazama kwa chini, na sijui kama Buddhaghosa alimpa adui huyo jina, lakini mimi namwita wa karibu kuliko wote.

Kuhusu wale watakaosema kwamba kuketi na kutakia watu heri ni wema wa chumbani, na kwamba utu wetu hupimwa kwa matendo, nasema wana haki, na methali inawaunga mkono: tenda wema nenda zako. Ila methali hiyo haisemi mtu afanye nini na moyo wake akishakwenda zake.

Nilisema nitarejea suala la dini. Ijumaa moja nilichelewa msikitini, nikaingia katika safu ya mwisho. Ilipofika mwisho wa swala, nikageuza uso kuliani, kisha kushotoni, nikitoa salamu kama nilivyofanya tangu utotoni, mara tano kila siku. Kushotoni alikuwa ami. Alivaa ile kanzu. Nilikuwa nimekwisha kulitamka neno la amani kabla ya kumtambua, na naye alikuwa amegeukia kwangu akilitamka. Miaka mingi nililisema neno hilo bila kulisikia, na ilibidi nipitie Anuradhapura ili nilisikie nyumbani. Tulipeana mkono. Hatukuzungumza juu ya shamba.

Shauri litatajwa tena baada ya Ramadhani. Alfajiri huanza na nafsi yangu, kisha mwalimu, kisha bawabu. Nikifika kwa ami, bado nasitasita penye kiambishi.